Aliugua kwa Muda Mfupi

Mwanangu Tusekile,

Ninapoandika ni saa tisa alasiri, mvua inapiga bati mpaka redio haisikiki, na wewe uko Msasani, ile ya Tukuyu, kwa dada yako Atupele anakusuka nywele za safari. Mama yako amekusindikiza, ati akusaidie kubeba rasta. Uongo mtupu, amekwenda kulia mahali ambapo sitamwona. Nimebaki hapa Kisiba na begi lako. Kesho saa kumi na mbili asubuhi basi la Dodoma linakuchukua stendi ya Tukuyu, na kwa vile mimi sipandi, nimeona nipandishe karatasi.

Habari za kufunga begi kwa kufuli, za kutokula vya watu njiani na za wavulana wa chuo, mama yako amekuhubiria tangu Jumatatu. Sina nyongeza. Mimi nina jambo moja tu, na ni jambo ambalo baba wa Kinyakyusa hamwambii binti yake. Nitataja matiti. Nitayataja mara nyingi. Najua utaona haya, utakunja karatasi ili abiria mwenzio asichungulie. Mimi nimeona haya kukuzidi wewe, na hizo haya ndizo zilizotufikisha hapa, kwa hiyo leo nimezifungia nje zinyeshewe.

Jambo lenyewe ni hili. Ndani ya damu yangu kuna hitilafu ya kurithi. Mimi haijaniuma hata siku moja, lakini wanawake wa ukoo wetu inawaletea kansa ya titi na ya mfuko wa mayai wakiwa bado vijana. Babu yako alikuwa nayo, akatupa mimi na shangazi yako Gwantwa. Mimi nikampa dada yako. Wewe huenda nimekupa, huenda sikukupa. Ni kama shilingi iliyorushwa hewani: imeshatua, ila imefunikwa kwa kiganja, na mwenye ruhusa ya kufunua ni wewe peke yako.

Na la pili, ambalo ni zito kuliko la kwanza: niliyajua haya nikanyamaza. Kesho saa nne ukoo unakutana kwa baba yako mkubwa Ambakisye, na wameniagiza ninyamaze tena. Sinyamazi! Nataka uyasikie kwangu, kwa mwandiko wangu huu mbovu, kabla hujayasikia kwenye simu za watu.

Unakumbuka shangazi Gwantwa alipokuja kutoka Dar, miaka mitatu iliyopita, amefunga kitambaa cha zambarau kichwani? Ulimwambia, "Shangazi, umependeza," akacheka akakupa pipi kama mtoto mdogo, na wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano. Chini ya kile kitambaa hapakuwa na unywele hata mmoja, dawa zilikuwa zimemaliza nywele zote. Jioni ile hakutaka kukaa sebuleni. Alinifuata jikoni, akakalia kigoda cha mama yako, akatoa bahasha kwenye mkoba.

"Kaka," akasema, "daktari amefungwa mdomo. Majibu ni ya kwangu, kwa hiyo hawezi kumpigia simu ndugu yangu yeyote hata akijua yuko hatarini. Sheria ndiyo inasema hivyo, siri ni ya mgonjwa. Basi ameniandikia barua hii. Jina langu halimo. Imeandikwa tu, Kwa ndugu wa damu. Wape wote, wanawake na wanaume."

Nikamuuliza kwa nini asiwape yeye mwenyewe.

"Mimi? Mwanamke niliyeolewa Dar nikaachika? Nikifungua mdomo watasema nimeleta mikosi ya mjini. Wewe ni mzee wa kanisa, wewe watakaa kimya wakusikilize. Ila jina langu usilitaje nikiwa hai. Sitaki kuja kwenye misiba yenu watu wananikodolea kifua. Nikifa, litaje utakavyo."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Ndaga fijo, nikamwambia, asante sana, kana kwamba amenipa jogoo. Akaondoka na basi la asubuhi akiwa na imani na mimi.

Nilipoisoma ile barua, mtu wa kwanza kumkumbuka alikuwa Bibi Lugano. Wewe hukumjua. Alikuwa jirani yetu nilipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mjane, hana mtoto. Dada yake babu yako alipokufa na donda la titi, miezi michache baada ya mdogo wao kufa vilevile, watu wakasema haiwezekani, hapa kuna mkono wa mtu. Na mkono wa mtu huwa hautafutwi kwa tajiri. Tukaenda vijana na mapanga, tukakata migomba yake yote, mpaka ile yenye mikungu mibichi. Alisimama mlangoni akatutazama, na kesho yake akahama na mfuko mmoja. Hatukusikia tena habari zake. Mimi nilikata migomba kumi na moja, nilihesabu kwa kujisifu. Sasa karatasi ya daktari inaniambia kwamba yule mchawi alikuwa ndani ya damu yetu wenyewe.

Ungedhani mtu aliyeyajua hayo angekimbia kuusema ukweli. Mimi niliikunja barua nikaitia mfuko wa ndani wa suti yangu.

Nilikuwa na sababu nzuri, maana mwoga huwa hakosi sababu. Jumamosi ile ndugu wote walikuwa wanakuja kwetu, ng'ombe wa mahari ya Atupele wanaletwa. Nikasema vema, nitawapata wote pamoja, nitawasomea kabla wageni hawajafika. Nikamvuta Ambakisye nyuma ya jiko, nikamgusia. Akanitazama kama nimetapika.

"Ipyana, wewe ni mzima? Ng'ombe wako njiani na wewe unaleta habari za majeneza? Ngoja binti aondoke kwanza."

Nikangoja. Wageni wakaja, wakakaa, mshenga akasimama akauliza yale wanayouliza siku zote: nyumba hii ina kifafa? Ina ukoma? Kuna ugonjwa wa kurithi ambao tuujue mapema? Na mimi baba mwenye binti nikasimama, barua iko kifuani upande wa moyo, nikasema, "Nyumba hii ni safi." Wanawake wakapiga vigelegele. Nilipokaa niliisikia karatasi ikikwaruza ndani ya suti.

Nilijiambia nitawaambia wiki ijayo. Halafu baada ya mavuno ya mahindi. Halafu Krismasi, watu watakapokuwa nyumbani. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo, lakini la kwangu halikuuma. Lililouma ni la wengine.

Uone sasa unafiki wangu. Mwaka uleule mnyauko uliingia kwenye shamba letu la bondeni. Unakumbuka jinsi nilivyozunguka nyumba kwa nyumba, mvua na tope, kuwaambia watu wote niliowapa machipukizi kwamba mgomba mama ni mgonjwa, wang'oe wachome? Hata wa Isongole kwa wajomba zako nilipanda bodaboda nikawafuata. Watu wakanisifu, mzee Ipyana ni mkweli. Kwa migomba nilikuwa mkweli, Tusekile. Machipukizi yangu mwenyewe niliyaacha yakae na mnyauko wao.

Masika ya mwaka jana shangazi yako akafa. Tukamleta, tukamzika hapa kwetu, na wewe ulisimama karibu nami umeshika mwavuli. Mimi ndiye niliyesoma wasifu wa marehemu. Ambakisye aliniletea karatasi imeshaandikwa: amezaliwa lini, amebatizwa wapi, amesoma mpaka darasa gani, na mwisho, "Marehemu aliugua kwa muda mfupi, akafikwa na mauti."

Muda mfupi! Gwantwa aliugua miaka minne. Aliugua mpaka kucha zikawa nyeusi, na katikati ya kuugua akapanda basi kutoka Dar kuja kutuokoa. Na sasa amekufa, maana yake ile ruhusa aliyonipa imeanza kazi. Jina lake lilikuwa mkononi mwangu. Watu wa damu yetu wote walikuwa mbele yangu, wasichana, wake, wazee. Nilihitaji kubadilisha sentensi moja tu. Nikasoma kama ilivyoandikwa, tena kwa sauti nzuri ya kanisani.

Na kwenye mstari wa wanawake, wa tatu kutoka mwisho, alisimama dada yako, mtoto mgongoni. Uvimbe ulikuwa tayari umo kifuani mwake. Alidhani ni maziwa yameganda. Alisimama kwenye mvua akamsikiliza baba yake akisoma kwamba shangazi aliugua kwa muda mfupi, akaenda nyumbani akaendelea kudhani ni maziwa.

Miezi minane alidhani ni maziwa. Mama yako alikuwa anakwenda kumkanda kwa kitambaa cha moto na majani ya kabichi. Siku moja nilimkuta anaondoka na kile kitambaa, nikamuuliza kuna nini. "Mambo ya wanawake," akanijibu. Nikasema aa, haya, nikatoka nje kwenda kwenye shamba langu la chai, na nitakuambia ukweli, nilitoka haraka. Niliogopa kwamba nikiuliza la pili nitajibiwa. Hili ndilo kosa ambalo sitalisamehe hata Kyala, Mungu wetu, akinisamehe. Neno "mambo ya wanawake" lilikuwa mlango, na mimi nikaushukuru kwa kufungwa.

Walimkata titi la kushoto Mbeya. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wodi, nimeshika chupa ya uji, alipofungua macho akaniuliza. Hakuniamkia.

"Baba, ulijua?"

Daktari alikuwa amemuuliza kama kuna ndugu waliougua, na mtoto wangu ana akili, alikuwa ameshajumlisha mwenyewe. Nikasema, "Nilijua."

"Ukanioza."

Akageukia ukutani. Miezi mitatu hakusema na mimi. Nyumbani nako, wewe ukiwa shuleni bwenini, shangazi zako wa upande wangu wakaanza kunong'ona kwamba damu mbaya imetoka Isongole, kwa kina mama yako. Mama yako akatukanwa kwa ugonjwa wangu, akavumilia, mpaka siku nilipomwambia. Hakunipiga. Alinipakulia ugali, akauweka mezani, akalala kwa jirani siku mbili. Afadhali angenipiga.

Baba mkwe wa Atupele naye akaja juu, anataka ng'ombe wake, ati tumemuuzia bidhaa yenye kasoro. Ni shemeji yako aliyemzima, yule fundi seremala mpole ambaye huwa hata bei hajui kupandisha. "Baba," alisema mbele yetu wote, "mimi sikuoa titi. Nilimwoa Atupele." Nilitamani kumpigia magoti kijana yule.

Atupele alipokubali kusema na mimi tena, neno lake la kwanza lilikuwa juu yako. "Habari za Tusekile umwambie wewe mwenyewe. Usimtume mama, usinitume mimi." Na mambo yake niliyoyaandika humu nimemwomba ruhusa kwanza. Alifikiri siku nzima, akasema andika. Kuuliza nimejifunza, ingawa kwa ada kubwa.

Basi nikaenda Dar kwa daktari wa Gwantwa, nikapimwa. Ninayo. Kijijini ikawa kichekesho. Yule mwenye mashine ya kukoboa akaniita mbele ya watu, "Mzee wa kanisa amekwenda kupima matiti!" Nikamwambia, "Hata wewe unayo mawili, tena yamekuzidi umri, kapime." Watu wakacheka upande wangu. Wanaume wa hapa wanadhani ugonjwa huu unatembea na kanga. Kumbe babu yako aliupitisha akiwa na ndevu zake, na mimi na zangu.

Kule hospitali alikuwapo mshauri, binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Nikamwambia ninaye mtoto mwingine, ana miaka kumi na minane kasoro, namleta mwezi ujao mumpime. Akasema hapana. Nikapandisha sauti, unanijua, nikasema ni mwanangu, ni damu yangu! Akanitazama wala hakutetemeka.

"Damu ni yako, baba. Uamuzi ni wake. Akitimiza umri wake akataka, aje mwenyewe. Asipotaka, asije, na usimlete kwa mkono."

Nilikasirika mpaka Morogoro. Baada ya Morogoro nikaanza kumwelewa. Nilikuwa nimetoka kukosea kwa kuficha, nikataka kukosea tena kwa kulazimisha, na pande zote mbili ni mimi yuleyule ninayeamua juu ya miili ya watoto wangu.

Kwa hiyo sikuambii upime. Unao mwaka wa kumi na tisa sasa, ni mtu mzima. Ukitaka, nenda. Kabla hujatoa mkono wachukue damu, uliza karatasi ya majibu inakwenda wapi, nani ataiona, kama ni chuo au bima au mwajiri, na usiposhiba jibu, amka uondoke. Ukipata majibu, ni yako. Usiniambie hata mimi kama hupendi. Mwanamume akija, utamwambia siku unayoona inafaa, kwa mdomo wako, si kwa mdomo wa mshenga wala wa baba aliyevaa suti. Na usipotaka kupima kabisa, sitakuuliza. Ila ukikuta uvimbe, mwanangu, wewe nenda kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama una mtihani. Usikandwe na mtu.

Najua kuna kitu nimekunyang'anya. Ulikuwa na haki ya kutojua, hata yule mshauri aliniambia wapo wasiotaka kujua kabisa, na wana haki. Utapita mlima wa Uyole ukiwa binti tofauti na yule aliyepanda basi Tukuyu. Nimekuibia usingizi. Kwa kuficha naomba radhi mpaka naingia kaburini. Kwa kukuambia siombi.

Sasa habari ya kesho. Binti wa Ambakisye, dada yako Neema, anatolewa mahari. Umeona? Ni Jumamosi ileile imerudi, ng'ombe walewale, suti ileile ninayo. Jumapili iliyopita baada ya ibada Ambakisye alinishika mkono nyuma ya kanisa na wazee wawili.

"Tumesikia unataka kusoma ile karatasi."

"Mmesikia vizuri."

"Utatoa dume la faini. Na siku yako ikifika, usitegemee jembe la mtu wa ukoo huu kwenye kaburi lako."

Unajua hilo ni tusi la namna gani kwetu, kuzikwa na mkeo na watoto tu, kama mpita njia. Nikamwambia, "Basi nitalichimba mwenyewe mapema, mikono ingali na nguvu." Wale wazee wakashika vichwa. Mmoja akasema mila zetu haziruhusu kuanika aibu ya ukoo. Mila! Hapo ndipo nilipopandwa na hasira.

Nikawauliza, nani kati yenu hakusimuliwa na babu zetu? Zamani kabla ya makanisa na suti, mtu wa Kinyakyusa akifa hawakukimbilia kufukia. Walimpasua tumbo mbele ya ndugu wa damu, wakaangalia kilichomuua, wakakitaja kwa sauti. Kisha ndugu wote wakapewa dawa ili kile kilichomla marehemu kisiwafuate. Dawa yao sijui kama iliwafaa. Lakini walifungua, wakatazama, wakaambiana! Sisi tuliosoma ndio tuliojifunza kuandika "aliugua kwa muda mfupi." Kwa hiyo msinitajie mila. Anayetaka kuitunza mila kesho ni mimi.

Ambakisye alikwenda zake. Si mtu mbaya, Tusekile. Anaogopa kama nilivyoogopa mimi, na ana binti kama mimi.

Nikarudi nyumbani nimejaa upepo. Nikamwambia mama yako nitasimama mbele ya wageni, ng'ombe wakiwa palepale, niseme yote, na dume la faini walichukue. Alikuwa anachambua maharage. Akaniuliza bila kuinua uso, "Unataka kuwaponya au unataka kumwaibisha Ambakisye?"

Nikakaa nikachambua naye. Wageni si ndugu wa damu, kwao si haki yangu kusema. Habari za Neema kwa wakwe ni za Neema. Nikapanga upya: nitasema ndani, saa nne, kabla wageni hawajafika, mlango umefungwa, wa damu tu. Na yule ambaye ng'ombe wanaletwa kwa ajili yake asisikie pamoja na umati kama mimi nilivyotaka kumfanyia Atupele. Juzi Jumatano nikamfuata Neema sokoni anapouza viazi, nikamwomba funga meza kidogo. Nikamweleza yote, na kwamba kesho akisema nisisome siku ya mahari yake, sitasoma kesho, nitapita nyumba kwa nyumba Jumatatu. Alisikiliza akiwa ameshika ndoo tupu. Akasema atafikiri.

Mwanangu, siku mbili hizi sijala vizuri. Niliogopa angekataa, na niliogopa zaidi angekubali.

Amepiga simu muda si mrefu, mvua imepungua kidogo. Nakuandikia maneno yake kama yalivyo, kwa ruhusa yake.

"Baba mdogo, soma. Nitakaa mbele kabisa, baba akitaka kukutoa anitoe na mimi. Mchumba wangu nimemwambia jana. Kama ni kuondoka, waondoke na ng'ombe wao. Mimi nibaki na matiti yangu na akili zangu."

Nimecheka peke yangu humu ndani, kisha nimelia, kisha nimekwenda kuitoa suti kabatini. Barua imo bado. Imechanika kwenye mkunjo lakini inasomeka.

Basi lako likifika Makambako itakuwa saa nne kasorobo, saa nne. Wewe utakuwa umeshafika ukurasa huu, na mimi nitakuwa nasimama. Kabla ya barua ya daktari nitaanza na wasifu wa shangazi yako. Nitausoma upya mbele ya walewale walionisikia makaburini. Sentensi ya mwisho nimeiandika mwenyewe, na nakuwekea nakala humu, ili siku yangu nami ikifika na mtu akikuletea karatasi iliyoandikwa tayari, uwe na mfano. Inasema hivi:

"Gwantwa, binti wa nyumba hii, aliugua kansa ya titi kwa miaka minne. Aliirithi kwa baba yetu. Mimi kaka yake ninayo damu hiyohiyo, na ninyi mlioketi hapa huenda mnayo. Alikuja akatuambia akiwa hai. Hamkusikia kwa sababu nilikuwa nimeikalia barua yake."

Naisikia bodaboda inapanda kilima. Kichwa chako nakiona kutoka dirishani, dada yako amekusuka vizuri, ingawa tangu wamkate mkono wake wa kushoto haupandi sawasawa. Naikunja karatasi hii. Naiweka juu kabisa ya nguo zako, mahali pa wazi.

Ni mimi baba yako,
Ipyana